Simu ya Nyumba ya Pili

Likoni,
Jumapili baada ya ibada, Mei 1946

Kwa dada yangu Nyamvula,

Shikamoo dada. Hujambo wewe? Shemeji Gona na mgongo wake hawajambo? Na mvua ya huko Utange, imeinenepesha mihogo au imeiozesha? Sisi huku tu wazima kwa rehema zake Mola, ila mafua yamenikaa kifuani tangu mvua zianze, na memsabu naye amenikalia na wageni wake wa kutoka Nairobi, wanaokula mara nne kwa siku kama watoto wanaoota meno. Ndiyo sababu unaiona karatasi hii badala ya kuniona mimi.

Dada, kaa kitako kwanza. Nakuandikia juu ya zile salamu nilizompa Garama akuletee, siku ile alipokuwa akirudi kutoka sokoni na makapu yake matupu, kwamba mwanao Katana amezungumza nami kwa simu kutoka jeshini na anarudi nyumbani. Nakuambia mapema ili usisome huku moyo wako unaning'inia. Sauti ile haikuwa ya Katana. Habari mbaya ya Katana sina, wala hakuna aliyeileta. Tuko palepale tulipokuwa, twangoja na kuomba. Lakini furaha niliyokupelekea haikuwa yako, nami ndiye niliyeifikisha kwenye mlango usio wake. Garama aliniambia kuwa ulipiga vigelegele mpaka majirani wakaacha majembe shambani wakaja mbio.  Sasa nisikilize ilivyokuwa, kisha unihukumu.

Unaijua ile simu ya mdomo iliyoko ukumbini kwa memsabu, uliyokataa kuigusa ulipokuja Pasaka. Waya wake si wetu peke yetu. Twaushiriki na nyumba ya pili, ile yenye paa jekundu upande wa bahari. Kengele ikilia mara moja kwa kirefu, ni yetu. Ikilia mara mbili kwa kifupi, ni yao, nasi twaiacha. Memsabu alinifundisha pia kwamba kuinua chombo kusikiliza ya wenzako ni aibu, nami nikamwambia kwetu kanisani ni dhambi kabisa. Basi mvua zilipoanza tawi likaangukia waya karibu na kivuko, na tangu siku hiyo simu za nyumba ya pili zikawa zinalia kwetu, na zetu kwao. Mtu wa bucha alinigombeza asubuhi nzima kwa nini nimerudisha maini yake. Nikamwambia maini sikuyaona, wala nyumba hii hatuli maini. Akanijibu kwamba wapishi wote wa Likoni ni waongo, nikakata.

Jumatatu mchana memsabu alikuwa amevuka kwenda Mombasa. Kengele ikalia kwa kirefu, nikafuta mikono nikaenda. Mara nasikia sauti ya mwanamume, ya mbali, kama ya mtu aliyeinamia mtungi, yasema, "Mama, shikamoo." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu." Ungefanyaje wewe, dada? Mtu akikuamkia, huulizi wewe nani kabla hujamwitikia. Na akikuita mama, ukimwuliza jina ni kama umemkana. Akaniuliza hali, nikamwambia mafua tu. Akauliza watu wa nyumbani, nikamwambia wote wazima, wamkumbuka. Nikamwuliza kama anakula, kama anasali. Akacheka, akasema anakula kuliko anavyosali. Hapo nikaridhika kabisa kuwa ni Katana, maana ndivyo anavyonijibu siku zote. Akasema vita vimekwisha kwake, na akipewa ruhusa atapanda gari la moshi. Nilipoanza kusema "Mama yako Nyamvula," waya ukanguruma, mtu wa posta akasema muda umekwisha, na sauti ikapotea.

Tulisalimiana mpaka muda ukatuishia, na jina lake sikulipata. Jambo moja lilinishangaza. Alikuwa akisema Kiswahili kitupu, hata neno moja la Kigiriama hakutia. Nikasema moyoni, haya basi, jeshi limemfanya Mswahili wa mjini, akija tutamnyoosha. Wala sikutia shaka. Wewe wanijua. Mungu hakunipa mtoto wa tumbo langu, na wewe ndiye uliyenikopesha wako, ukamfundisha aniite mama kabla hajajua kutembea. Katika dunia hii yote, nani mwingine wa kuniita mama kutoka mbali? Nilipiga magoti palepale ukumbini nikashukuru, kisha nikatoka mbio barabarani kumtafuta Garama.

Jumatano akapiga tena. Safari hii nilijitayarisha, nikamwamkua haraka haraka. Lakini naye alikuwa amejitayarisha, akaingia katika maneno yake kabla sijapumua. Akaniuliza kama yule bibi wa mapacha bado ananinyima ruhusa ya Jumapili.  Hapa kwetu hakuna mapacha. Mapacha walikuwa nyumba ya pili, na aliyewalea ni Jerioth.

Jerioth nilikusimulia habari zake, yule mama wa Kitaita tuliyekuwa tukienda pamoja mikutano ya akina mama kanisani. Ndiye tuliyemzika mwaka jana, vita vilipokuwa vyakaribia kwisha, homa ilipompanda kichwani. Mimi na wenzangu wawili ndio tuliomwosha. Wazungu wake wamerudi kwao na mapacha wao, wamekuja wageni wasiojua hata jina lake. Mchungaji alimwandikia mwanawe jeshini, na sote tukadhani amekwisha kupata habari. Kumbe barua ile ilipotelea huko huko misituni Burma. Mtoto alikuwa na namba ya simu tu, aliyoandikiwa zamani na mama yake, naye akaipiga, na waya ukamleta kwangu, na mimi nikamwitikia marahaba, nikamwambia mama yake mafua tu.

Huku mimi nimeduwaa, yeye aendelea. Akasema kuna jambo hakuliandika kwa kuogopa kunitia simanzi. Mguu wake wa kushoto umekatwa chini ya goti. Akasema wenzake wanapanda lori kesho yake kwenda Uganda, kuna mtu amewaahidi kazi ya kulinda mashamba ya miwa, na nafasi yake ipo. Maneno yake nayakumbuka moja moja: "Mama, kama utanionea haya mbele za watu, niambie tu niende nao. Sitakulaumu. Ila sema upesi, koplo ananiangalia."

Nilikuwa na neno la kweli mdomoni. Lakini kwetu msiba hautupwi kama jiwe gizani. Mfiwa huitwa nyumbani, akakalishwa, akapewa maji, akala, ndipo mtu mzima akakohoa na kuitoa habari. Huyu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja katika ofisi ya watu, hana wa kumshika akianguka. Na ningemwambia hapo, lori la kesho lilikuwa likimngoja, na nani angemwona tena? Nikasema, "Njoo. Njoo nyumbani, mwanangu. Nitakungoja kivukoni." Akasema basi Ijumaa atakuwa amefika. Nilisema hivyo, dada, hali najua kuwa mimi si mama yake. Tangu hapo nimeomba msamaha kwa Mungu, isije ikawa ni uongo.

Ijumaa nikamwomba memsabu ruhusa, nikashinda kivukoni. Niliogopa asije akanipita akaenda moja kwa moja nyumba ya pili, mpishi wao akamjibu mlangoni kwamba Jerioth alikufa zamani. Vijana wa kivuko hawana adabu. Mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Bi Kache, leo wangoja mchumba gani, mbona umevaa kanga ya Krismasi?" Nikamwambia nangoja mwanangu.

Alipotoka kivukoni sikuhitaji kuuliza. Alikuwa na gongo kwapani na mfuko wa jeshi mgongoni, na paji la uso lilikuwa la Jerioth mwenyewe. Macho yake yalinipita, yakamtafuta mtu nyuma yangu. Nikamshika mkono, nikamwambia mimi ni Kache, rafiki wa mama yake, twende kwanza akanawe na kula. Akasimama palepale katikati ya njia, watu wanatupita na vikapu vyao. Kumbe Wataita nao wana desturi kama yetu. Akaniambia mtu akikukaribisha chakula kabla ya kukupa habari, habari umekwisha kuipata. Akasema ameona wengi wakifa, hataanguka, nimwambie hapo hapo. Nikamwambia.

Hakulia. Aliniuliza jambo moja, ni nani basi aliyemwitikia. Nikasema ni mimi. Dada, hajapata mtu kunitazama vile. Akasema, "Siku mbili nilikuwa na mama. Kwa nini umenipa siku mbili?"  Nilimwambia tu kwamba niliogopa lori. Akageuka, akarudi mpaka ukingoni mwa maji kama anayetaka kuvuka tena, nami nikakaa juu ya jiwe na mfuko wake magotini, maana alikuwa ameuacha kwangu. Nikasema, atakwenda bila mfuko? Kivuko kikaja, kikapakia, kikaondoka, naye bado amesimama.

Aliporudi akaniambia nimpeleke kaburini. Tukaenda polepole. Huko nikamweleza yote, nani alimwosha, wimbo gani tulioimba, na kwamba mama yake siku ya mwisho alikuwa akimwita kwa Kitaita, nasi hatukuelewa ila jina lake, Justus. Hapo ndipo alipolia, nami nikalia naye. Akanieleza kuhusu Kiswahili chake cha kwenye simu. Yule koplo alikataza watu kusema lugha za makwao asizozisikia yeye. Akasema hata mama yake mwenyewe angemshangaa.

Tulipokuwa twaondoka akaniuliza, kwa vile nilimwitikia kwa furaha namna ile mara ya kwanza, nilidhani yeye ni nani. Nikamtajia Katana. Nikamtajia na wewe, na salamu nilizokwisha kukupelekea, na vile nilivyokuwa sijui nikuandikie neno gani. Tukafika nyumbani. Alipokwisha kula akasema, "Kwa hiyo kuna mama mwingine anamngoja mtu asiyekuja. Na huyo utampelekea karatasi tu, aisome peke yake?" Nikamwambia mimi sina ruhusa tena, wageni wa memsabu wapo mpaka mwisho wa mwezi. Akasema, "Basi nitakwenda mimi. Mguu mmoja wafika Utange, utachelewa tu."

Sasa dada, inua macho. Kijana aliyekuletea barua hii, uliyemkaribisha mkekani bila kumwuliza jina kwa kuwa wewe ni mtu wa heshima, ndiye huyo. Ndiye Justus wa Jerioth. Nilimwambia akupe barua, kisha anyamaze mpaka umalize kuisoma. Usimkasirikie, kosa ni langu. Amekuja ili usilie peke yako. Ukitaka kumwuliza habari za Burma, mwulize. Katana hakumwona, nimekwisha kumwuliza mara kumi, lakini njia alizopita Katana na yeye alizipita, na ajua barua hupoteaje, na ajua watu waliopotea wakaonekana. Mimi nilivyomsikiliza nimepata nguvu.

Wazazi hana tena, na huko Utaita amebakiwa na wajomba asioelewana nao. Mwambie shemeji Gona kwamba kijana huyu ajua kushona viatu na mikoba ya ngozi, kazi ya kukaa kitako. Akae kwenu mpaka mvua ziishe, na zaidi kama mtapendana. Lakini kitanda cha Katana usimpe. Kitanda kile kina mwenyewe, na Mungu hajatuambia neno jingine. Justus mtandikie chumba cha nje, umpe lile blanketi zito, maana usiku kidonda humsumbua kwa baridi.

Wasalimie wote, na majirani waliokuja na majembe waombe radhi kwa ajili yangu. Nami nitavuka kuja kwenu wageni wakiondoka, Mungu akipenda, nije kukuangukia miguuni.

Ni mimi mdogo wako akupendaye katika Bwana,

Kache