Ulitazama Mapumziko Tu

Nyakabanda, Kigali, Agosti 2025. Mwaka wa thelathini nje ya Tabora, wa pili bila wewe.

Mama Salma wangu,

Mdogo wangu Rajabu amemaliza kile chumba. Alinipigia simu kutoka Isevya, kulekule Tabora, akaniambia kina madirisha mawili, choo ndani, na kitanda ameshakiweka. Mwisho wa mwezi atakuja na basi kunichukua, kama nikikubali, na hiyo "kama" aliisema upesi, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa jirani asiyetaka kumsalimia. Kwake jambo limekwisha. Mke amefariki, mtoto ana kazi na ana kwake, sasa mzee anafanya nini peke yake Kigali? Nilimwomba anipe siku chache. Ndilo jibu nililowapa watu wote tangu unifahamu.

Basi Jumapili iliyopita, badala ya kufikiri, nikatazama ngumi.

Salma alikuja kutoka Kanombe baada ya zamu yake ya uwanja wa ndege, akaunganisha simu na televisheni, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia pambano la Padri na Mgeni. Alicheka, akasema mtandao hauwajui watu hao. Ni kweli. Ni majina uliyowapa wewe, na ilibidi nikae nikumbuke majina yao halisi. Niliyapata, lakini siyaandiki hapa, kwa kuwa hukuyajua na hukuwahi kutaka kuyajua.

Unakumbuka tulivyoanza. Deki niliinunua kwa bwana mmoja aliyerejea kutoka Kampala na lori la vitu vikuukuu, na kanda za ndondi zikaja nayo kama nyongeza, maana hakuna aliyezitaka. Jumapili ya kwanza ulikaa nami ukatazama nusu raundi. Ngumi moja ilimpata mtu juu ya jicho, ukainuka, nikadhani umekwenda moja kwa moja. Ukarudi na beseni la viazi na kigoda. Ukakiweka katikati ya chumba, ukaipa televisheni mgongo, uso umeelekea mlangoni. Nilikuuliza sasa unatazama nini. Ukasema unatazama viazi, na wakienda kupumzika nikuambie.

Sikuhitaji kukuambia. Kengele ya mwisho wa raundi ilipolia uligeuka na kisu mkononi, ukawaangalia wale wawili walivyokwenda kwenye kona zao: nani alikitafuta kigoda kwa mkono kabla ya kukaa, nani alimwagiwa maji kichwani akafumba macho, nani alisemeshwa na hasikii. Kengele ya kuanza ikalia, ukarudi kwenye viazi. Hivyo ndivyo ulivyotazama ndondi miaka yote. Mimi nilikuwa na dakika tatu za kila raundi, wewe ulikuwa na ile moja inayofuata, na tukabishana kama watu walioona kitu kimoja.

Padri ulimwita hivyo kwa sababu alikaa wima, glavu juu ya magoti, kichwa kimelala upande kidogo, kama anayesikiliza dhambi za watu na hakuna hata moja inayomshangaza. Kuku Maji alikuwa yule bonge aliyefika kigodani kila mara akichuruzika, mdomo wazi. Ulimwambia "ihangane", pole yenu ya Kinyarwanda, kwa sauti ya chini, kana kwamba mmekutana msibani. Na usijifanye ulipatia siku zote. Ulikuwa na kijana wako uliyemwita Mkwe, kwa kuwa alimshukuru kila aliyempa maji. Ulisema mwenye adabu hivyo hawezi kupigwa. Raundi iliyofuata akalala chali, wewe umegeukia viazi, na nilipokupa habari ulikataa kata kata. Ulisema wamemsukuma.

Mgeni alikuwa wangu. Ngumi yake ya kushoto haikuonekana ikianza. Uliona tu kichwa cha mwenzake kimerudi nyuma. Alizunguka ulingo upande wa kulia, kulia tena, kama mtu anayetafuta mlango katika nyumba asiyoizoea. Padri hakumkimbiza. Alisimama katikati akageuka taratibu, na kila Mgeni alipopita alimwachia konde fupi la mbavu, lisilo na sauti wala sifa. Raundi za mwanzo zote nilimpa Mgeni, na hata leo nampa. Ndondi nzuri kama zile sijaziona tena. Ila wewe hukuziona. Wewe ulichokiona ni kwamba alikaa kwenye ncha ya kigoda, visigino vimeinuka, kama mgeni aliyeambiwa asubiri chai naye haitaki.

"Ule iko anakaa mubaya," ulisema. "Atakwisha."

Nikakuambia anakaa hivyo kwa sababu bado ana nguvu, ana hamu ya kurudi ulingoni. Ukasema hapana, ana hamu ya kurudi kwao.

Jumapili hii Salma alilipata pambano, picha safi kabisa. Nilishtuka kuona bukta ya Mgeni ni ya kijani. Kwenye kanda yetu ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Raundi ya kwanza ikaisha, kengele ikalia, na kabla hawajafika kwenye kona ikaanza ya pili. Nikamwambia arudishe nyuma. Akarudisha. Ikawa vilevile. Walikuwa wameyakata mapumziko yote, wakaacha makonde yafuatane. Salma akasema siku hizi ndivyo inavyowekwa, watu hawana muda. Nikamwambia kwa picha hii mama yako asingeona kitu hata kimoja. Akaichukua simu, akaanza kutafuta upya, na hakuacha mpaka akapata nyingine, mbovu, yenye mistari, ila kamili, pamoja na vigoda na ndoo.

Hapo nikageuza kiti changu nikaipa televisheni mgongo. Salma aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, natazama kama mama.

Nakuambia, si rahisi. Raundi zile nazijua kwa miguu yao tu, kwa mchakacho wa viatu na namna watu wanavyoguna, na shingo ilikuwa ikinivuta. Lakini nilijizuia, na kila kengele ilipolia niligeuka. Nikamwona mtu ambaye sikuwahi kumtia maanani: mwalimu wa Mgeni, mfupi, mwenye kofia ya kufuma. Kila pumziko alimwekea Mgeni kiganja kifuani akamsukuma nyuma, apumzike vizuri, na kila alipotoa mkono Mgeni alirudi kwenye ncha. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa hiyo.

Ndiye aliyetugombanisha. Raundi moja tu ilikuwa imebaki. Mgeni alisimama kabla ya kengele, na yule mwalimu akamshika mabega akamkalisha, akamtikisia kichwa mwamuzi, pambano likawa limekwisha. Mara ya kwanza tulipoiona ile kanda nilisimama nikafoka kwa Kinyamwezi, lugha usiyoijua. Nilisema amedhulumiwa na watu wake mwenyewe. Mtu aliyefika pale apewe dakika zake tatu, hata akianguka, aanguke kwa miguu yake. Wewe kisu kilikuwa kimesimama hewani.

"Amesha maliza, muzehe," ulisema. "Ni yeye tu hajajua."

Sikukusemesha mpaka chakula. Ulinipakulia nyama nyingi kuliko yako, na hilo nalo likaniudhi.

Sijui kama ni mwaka uleule au uliofuata ulipoleta mafundi wa kabati. Nilikuwa nimekuja Kigali kwa miezi michache tu. Baba, aliyeuacha mji huu akiwa kijana na cherehani yake, alinituma kutoka Tabora, baada ya mauaji yale, nije nione nani wa ukoo wake amebaki. Nikaona. Nikamwandikia. Jibu lake lilipofika nilikuwa nimeshakukuta ukipima vitenge dukani kwa mjomba wako. Ofisini waliniandika kuwa nimerudi nchini, mimi ambaye sikuwahi kuukanyaga mji huu, na shuleni wanafunzi wangu wa Kiswahili walinicheka nilivyoshangaa vilima. Kwangu kurudi kulikuwa upande wa pili, kule kwenye reli na asali na tambarare. Kwa hiyo sikutaka kununua kitu kisichoingia kwenye buti la basi. Meza yetu ilikuwa ya kukunja. Viti vilikuwa vya kukunja. Ulivumilia mengi, na hilo ulilivumilia kuliko yote.

Siku hiyo nilitoka shuleni nikakuta mafundi wawili wa hapa mtaani wanagonga misumari katikati ya sebule. Kabati lilikuwa limegusa dari. Mmoja akanisalimia kwa adabu, akasema, mwalimu, hili likishasimama halitoki tena, labda mbomoe ukuta. Nilikutazama. Ulikuwa unawamiminia chai, hukuinua hata macho.

"Tabora kuna mbao," ulisema. "Watakutengenezea ingine."

Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha nyundo. Walipoondoka nilikaa nikilitazama lile dude, koti bado liko mwilini. Ukaja ukasimama mbele yangu, ukaniambia ninakaa kama ule Mgeni, na kwamba wewe unaniona hivyo kila siku, si Jumapili tu. Nilitazama chini nikaona visigino vyangu. Nikacheka. Sikuwa na lingine la kufanya.

Hukulisema tena. Hukuniuliza tena tunaondoka lini. Mwaka jana hospitalini nilikuwa nikikusimulia safari kama kawaida yangu: basi la Nyabugogo, mpaka wa Rusumo, kulala Kahama, kisha Nzega, mchana tumefika. Nilikuambia ukipona tutakwenda sote, nikuonyeshe stesheni. Uliisikiliza yote, ingawa uliijua kama mimi. Halafu ukanionyesha kwa kidole nisogee.

"Ukitaka kuenda, wende," ulisema. "Lakini usiende sababu tu ulisema."

Nikakuambia upumzike. Ukaniuliza kama nimekula, na kama Salma amezifuata nguo zake kwa fundi.

Sasa nikuambie nilichokiona Jumapili katika lile pumziko la mwisho. Siku zote mahali pale nilikuwa nimesimama, nikifoka, macho kwa mwamuzi au kwa Padri anayeinuliwa juu. Safari hii niligeuka nikabaki nimekaa. Mgeni anasimama, mwalimu anamkalisha. Mgeni anavuta kwa nguvu mara moja. Mara ya pili anavuta, lakini si kwa nguvu. Yule mwalimu anamwinamia sikioni, anasema kitu kifupi. Kisha visigino vinashuka. Mgeni anaegemea nyuma, mgongo mzima kwenye nguzo ya kona, mikono inaanguka ubavuni, na usoni hana hasira yoyote. Ana uso wa mtu aliyefika mahali. Pambano lile nimelitazama mara nyingi kuliko nilivyosoma kitabu chochote, na sikuwahi kumwona amekaa.

Salma aliuliza kama amezimia. Nikamwambia hapana, amekaa tu. Alinitazama, akaenda jikoni kuchemsha chai, akakawia huko kidogo kuliko chai inavyohitaji.

Jumatatu nilimpigia Rajabu. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakanipotea. Nilimwambia siji. Akadhani nasema mwisho wa mwezi, akasema basi mwezi ujao, mvua zikiwa hazijaanza. Nikamwambia hata mwezi ujao. Nikasikia anapunguza sauti ya redio yake.

"Kaka," alisema, "kumbe wamekuloga hao Wanyarwanda."

Nikamkumbusha kuwa baba yetu naye alikuwa Mnyarwanda. Akasema ndiyo maana anawajua. Aliuliza chumba akifanyeje. Nikamwambia afuge kuku, aweke mahindi, awape wajukuu, apendavyo. Akasema kuku hawahitaji madirisha mawili. Tulicheka, kicheko kibaya, kile cha watu wazima wasiotaka kusikiana wakilia.

Sisemi kwamba Tabora imenitoka. Kiangazi hiki moshi wa kuni ukipita hapa asubuhi, nafikiri miombo inaungua. Nikipanda ngazi nahesabu kwa Kinyamwezi. Kiswahili cha huku bado nakisahihisha kila ninapokisikia, isipokuwa chako, ambacho nakitafuta mitaani pamoja na makosa yake yote, na wauza nyanya wawili watatu wanacho kidogo.

Wala sibaki kwa ajili ya kaburi lako. Salma angelitunza vizuri kuliko mimi. Nilijiuliza swali lako, kama nataka, si kama nilisema. Nikaona kwamba ninachokitaka Tabora ni baba akiwa kwenye cherehani na mimi nikiwa kijana wa mbavu nzima, na hao wawili Rajabu hawezi kunipangia chumba. Vingine vyote ninavyovitaka viko hapa. Nataka kuamka katika nyumba ulimoamka. Nataka kugombana na majirani uliogombana nao, ambao tangu uondoke wamekuwa wangu. Mama wa pili kutoka kona ananiletea ugali wa muhogo na matusi yaleyale aliyokuwa akikuletea. Nataka Jumapili mtoto wetu aje, avue viatu mlangoni, aniulize kwa sauti yako kama nimekula.

Nakuaga hapa, Mama Salma, na nakushukuru kwa kunisubiri bila kunisukuma. Wote waliokuwa wakiniuliza narudi lini, na wewe pia uliyeacha kuniuliza, jibu lenu ni moja. Sitarudi Tabora.

Mumeo,
Baba Salma