Lango la Tano

Mtaa wa Wari,
Dhaka.
Ijumaa, 14 Machi 1986

Mpendwa mdogo wangu Ekramul,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute u mzima huko Kuwait, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kiwe kimepoa. Sisi huku tunapumua, zaidi ya hapo siwezi kusema. Mama yako, ambaye kwangu ni Mama Mdogo, anaswali, anakula matonge mawili matatu, kisha anageukia ukutani. Mke wangu Sufia anakusalimu sana. Mvua bado, na vumbi limejaa mtaa mzima.

Telegramu uliyoipata ilisema nduguyo Badrul amefariki kwa ajali uwanjani. Niliituma mimi. Neno "ajali" nililiandika mimi. Nimekaa nalo siku ishirini na linanikaba, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka fainali ya Kombe inavyokuwa Buriganga wakikutana na Surjo. Wiki nzima mji ulikuwa umegawanyika. Bendera za njano paa hili, nyekundu paa lile, na waendesha riksho wakikataa abiria wa timu nyingine. Mimi na Buriganga yangu, Badrul na Surjo yake. Asubuhi ile alipita kwangu akielekea kwenye karakana ya kujalidi vitabu, gundi ya jana bado imemganda vidoleni.

"Kaka Mokhles, leo ukifungua lango fungua kwa adabu. Mabingwa wanaingia!"

"Mabingwa wa kulia," nikamjibu. "Chukua leso mbili, moja yako na moja ya kipa wenu."

Alicheka mpaka akamwaga chai ya Sufia. Alikuwa na tiketi halali, Ekramul. Aliniwekea mezani niione, ya Lango la Tano, langu mimi. Alisema atachelewa kidogo kwa sababu tajiri wake alitaka vitabu vya shule vimalizike kwanza.

Saa tisa alasiri jukwaa la upande wangu lilikuwa limejaa pomoni. Walioingia bila tiketi kwa kuruka ukuta walikuwa wengi kuliko wenye tiketi. Msimamizi wetu, Bwana Quddus, akaja mbio.

"Funga."

"Bwana, huko nje wana tiketi zao mkononi."

"Umeajiriwa kufunga lango au kunishauri? Funga!"

Nikafunga. Nikapitisha mnyororo, nikatia kufuli, ufunguo nikautia mfukoni.

Dakika chache baadaye timu zikaingia uwanjani. Ule mngurumo unaujua. Walioko nje wakadhani mpira umeanza, wa nyuma wakasukuma, wa mbele hawakuwa na pa kwenda. Mwanzoni walinitukana. "We mzee wa njano, fungua! Unatufungia kwa sababu ya timu yako!" Kisha matusi yakakoma, na hapo ndipo nilipoogopa. Mtu akikosa pumzi hatukani.

Nikamwona Badrul. Alikuwa safu ya pili kutoka kwenye nondo, shavu limebanwa begani mwa mtu mwingine. Akaniita, "Kaka Mokhles! Kaka, fungua!"

Ndugu yangu, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Wala sikuhitaji kuutafuta. Lakini miaka kumi na tisa nimekuwa mtu wa kufungua nikiambiwa na kufunga nikiambiwa, na miguu yangu ikanipeleka kumtafuta Bwana Quddus nimwombe ruhusa. Nilipanda ngazi. Nilimkuta kwenye viti vya wageni, nikangoja amalize kuzungumza na mkubwa mmoja. Nilingoja, Ekramul. Aliponitazama akasema nifanye nionavyo. Nikarudi mbio, nikafungua, na watu wakaniangukia kama magunia. Tulihesabu maiti kumi na moja. Badrul alikuwa bado ana joto. Nilimpigapiga mashavu, nikamwita, nikamtukana kabisa ili anijibu.

Mpira ulichezwa mpaka mwisho. Surjo walishinda bao moja kwa bila, na wenzake walitoka wakiimba kupitia malango mengine, hawajui.

Kuna jambo lingine, na hili ni aibu yangu peke yangu. Siku ya tatu nilipewa karatasi ofisini. Ilisema lango halikufungwa kamwe, ila wahuni walilivunja wakakanyagana wenyewe. Niliambiwa nikitaka kubaki kazini nitie sahihi. Nikatia.

Wiki iliyofuata mama yako alinipa gazeti nimsomee. Nikamsomea yale yale, wahuni, lango, kuvunja. Akanisimamisha.

"Badrul wangu avunje lango? Huyu aliyekuwa akibisha hodi hata kwenye chumba chake mwenyewe?"

Sikuweza kuendelea kusoma. Nikamweleza yote, kufuli, ngazi, karatasi. Hakupiga kelele.

"Alikuita?" akauliza.

"Aliniita, Mama Mdogo."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Alilichukua gazeti lake, akalikunja. Kisha akasema, "Toka nyumbani kwangu, Mokhlesur. Na Ekramul umwandikie kwa mkono wako. Usimtume mtu."

Jumanne nilikwenda mbele ya tume ya uchunguzi, nikaikana sahihi yangu. Nilisema lango lilifungwa, aliyeamuru ni nani, na aliyekuwa na ufunguo ni nani. Bwana Quddus alisema mimi ni mzee niliyechanganyikiwa kwa msiba. Kesho yake nilisimamishwa kazi. Jina la Badrul bado halijasafishwa, na sijui kama litasafishwa. Mjane wa mwalimu mmoja aliyefia pale pale langoni amekubali kutoa ushahidi, basi tuko wawili.

Sufia humpelekea mama yako wali na dengu kila mchana. Sufia anapokelewa. Mimi nabaki barabarani mpaka atoke. Ukipewa likizo, njoo. Usije kwa ajili yangu, njoo uketi naye, maana anapoteza hata hesabu ya siku.

Nisalimie Lutfar mnayeishi naye chumba kimoja, na mwambie wazazi wake Barisal wazima. Shangazi Monowara na watoto wa Dada Khaleda wanakusalimu. Mungu akulinde ugenini, amrehemu Badrul, na ampe mama yako subira ambayo mimi sina haki ya kumwombea.

Desturi ni kumalizia kwa kusema mimi ni wako. Kukupenda nakupenda, hilo halina mjadala. Hilo jingine, kama mimi bado ni wako, nakuachia wewe uniandikie.

Mokhlesur