Tundu la Mkono wa Kushoto

Malmö, Sweden
Katikati ya baridi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Shikamoo na wewe mama, unayemsomea. Ni matumaini yangu karatasi hii inawafikia mkiwa wazima, kifua cha mama kimepoa baada ya vumbi la kiangazi na goti la baba linakubali kukunjwa. Mimi mwili ni mzima. Jua la huku linachungulia kidogo mchana kama mgeni asiyetaka kukaribishwa chakula, halafu linaaga. Nimezoea. Moyo ndio haujazoea, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha niandike.

Najua utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Baba, kila nikitaja jina la Amosi kwenye simu unamkabidhi mama unakwenda kuangalia ng'ombe, hata kama ng'ombe wamekwisha kulala. Karatasi haina mahali pa kukatia. Nimempa Mwanahawa, muuguzi ninayepanga naye chumba, binti wa wale wauza vitambaa wa mjini. Ameapa ataileta Makutupora kwa mkono wake kabla hajafungua begi kwao. Mkimchinjia kuku, mwiteni jirani Mwislamu amchinje, msije mkamlaza njaa binti wa watu.

Nimesikia kwamba zabibu zikishavunwa ukoo utakaa kumlilia mdogo wangu. Baba mdogo atapanda kutoka Mtera na samaki wake, wazee watakunywa, jina la Amosi litatajwa kwa mara ya mwisho, na kuanzia hapo atakuwa marehemu. Yote kwa sababu mpita njia mmoja alisema alimsikia mwenzake akisema kuna kijana mrefu wa Kigogo alifukiwa kwenye mashimo ya dhahabu. Baba, ninakupigia magoti, usiwaite watu hao. Amosi yu hai. Au tuseme alikuwa hai majuzi, alipoikosoa kazi yangu.

Mama, hapo vuta pumzi kama ni lazima. Kisha endelea, usiruke mstari.

Inabidi nieleze kazi yenyewe, ambayo baba unaiita kazi ya gemu, na unavyolitamka neno hilo utadhani umetafuna shubiri. Ndiyo, ni gemu. Lakini si la kupigana wala la mpira, ni la mafumbo. Mtu anakaa mbele ya kompyuta na kwenye kioo haoni mwili wake. Anaona yale ambayo macho yake yangeona kama yeye mwenyewe angekuwa amesimama pale. Anatembea, anatafuta njia, anafungua milango. Kitu chake pekee anachokiona ni mkono, pale unapojitokeza mbele kushika jambo. Bosi wetu alitaka nyumba ambayo watu wa huku hawajapata kuiona, akasema kila mtu achore yake. Mimi nikachora tembe lako.

Nilichora kila kitu. Paa la udongo ambalo mbuzi walilifanya uwanja wao, kuta za miti na matope, vyumba vinavyofuatana gizani, kigoda chako uani, vibuyu vya mama ukutani. Bosi akakubali. Mchezo ukatoka, watu wakaanza kuucheza, na mimi nikapewa kusoma maoni yao. Mtu akimaliza kucheza anaandika alichopenda na kilichomuudhi, nami nasoma mpaka macho yanawasha, kisha nawaeleza wakubwa kwamba wachezaji wanataka hiki na hawataki kile.

Kama ulidhani maneno mabaya juu ya nyumba yako uliyamaliza kwa shemeji zako, hukusikia kitu. Mmoja aliandika kwamba dari ni fupi mpaka shingo inamuuma, na yeye amekaa kwenye kiti chake kwao. Mwingine alisema aliyejenga alisahau madirisha. Mwingine udongo mwekundu umemchosha macho. Yuko aliyesema mjenzi huyu inaonekana hajawahi kuishi ndani ya nyumba. Huyo nilikwenda naye kichwani mpaka nyumbani, naosha vyombo namjibu peke yangu. Nilitamani ayaone magoti yako yaliyokanda yale matope. Wapo waliosifu pia, sikatai. Mama mmoja mtu mzima, sijui wa nchi gani, alisema aliyaacha mafumbo yote akakaa tu uani anasikiliza upepo na kengele za ng'ombe, na machozi yakamtoka bila kujua yametoka wapi. Nilimpenda mama yule. Lakini walio wengi walilalamikia vitu viwili, hodi na tundu.

Hodi niliiweka mimi. Ukifika mlangoni, mkono haugusi kitu mpaka upige hodi mara tatu, na hodi yenyewe haiitikiwi na mtu. Wachezaji wakaja juu. Kitufe hiki kina kazi gani? Kimeharibika? Bosi akaniita mezani kwake.

"Roda, hii hodi inamsaidia nini mchezaji?"

"Ni adabu," nikamwambia.

"Adabu inafungua mlango?"

Nikarudi mezani kwangu, kwa sababu kwetu haikufungua.

Baada ya hodi mlango unabaki umefungwa, maana komeo liko ndani. Mchezaji anatakiwa asogeze kibuyu kilichotundikwa pembeni ya mlango. Nyuma yake kuna tundu. Mkono unapenya, unalisukuma komeo, umeingia. Wengi hawalioni tundu lile, wanazunguka nyumba wakitukana. Baba, tundu hilo sikulitunga. Amosi alilitoboa tukiwa wadogo ili akichelewa malishoni aingie bila kukuamsha, na mimi ndiye niliyekuwa nabandika kibuyu kulificha. Tulijua wawili tu. Tukisikia kikohozi chako upande wa pili wa ukuta tulikuwa tunakauka kama mawe, tunakandamiza vicheko kwenye shuka.

Alipokua, tundu likamsaidia kurudi kutoka Nkuhungu, kwenye banda la gemu. Najua unapakumbuka pale kuliko mtu yeyote. Siku ng'ombe wako walipoingia kwenye shamba la jirani, zabibu zimeiva, wakazikanyaga mpaka mizizi, Amosi, aliyepaswa kuwachunga, alikuwa amekaa kwenye banda lile ameshika gemu mkononi. Kosa lilikuwa lake, hilo simtetei. Uliona haya mbele ya kijiji kizima. Lakini alipofika uani kuomba radhi ulisimama mlangoni ukasema: "Mlango huu, hata upige hodi mpaka sauti ikauke, hakuna atakayekuitikia." Nilikuwa nimeshika beseni la mboga, nilisikia kila neno. Akageuka akaondoka na shati alilolivaa. Toka siku ile hakuna aliyemwona.

Sasa sikiliza. Maoni huja kwa lugha nyingi na kompyuta hunitafsiria. Asubuhi moja yalikuja ya Kiswahili, yamesimama pale kama ndugu aliyekosea mtaa. Jina la mwandishi ni herufi na tarakimu tu, halisemi kitu. Nimeyanakili kama yalivyo:

"Nyumba mmeipata. Ila tundu mmeliweka kulia, na mkono mmeuweka wa kulia. Aliyelitoboa alikuwa wa kushoto. Hodi haiitikiwi. Hapo mmepatia."

Baba, niliyasoma tena na tena mpaka chai ikapoa. Hata mimi nilikuwa nimesahau. Nilichora mkono wa kulia kwa sababu mikono yote huchorwa hivyo. Nikampigia mama, nikamwapisha asikwambie, nikamtuma akapapase ukuta wa tembe bila kumweleza sababu. Mama, endelea kusoma tu, lawama ni yangu. Akalikuta. Kushoto mwa mlango, limejaa nyumba za nyigu, na kipande cha kamba ya kibuyu bado kimening'inia.

Nikamwandikia mchezaji yule chini ya maoni yake: "Umejuaje alikuwa wa kushoto?" Jibu likaja jioni, mstari mmoja.

"Mkono bado una alama ya kamba."

Habari ya kamba sijamsimulia mtu huku, wala sikuitia kwenye mchezo. Wanaoijua ni wewe, mama, dada Debora, mimi na mwenye mkono. Ulikuwa unamfunga mkono wa kushoto kwa kamba ya ndama kila tunapokaa kula, ili ajifunze kuchota ugali kwa mkono wa watu. Analia, ugali unadondoka, unamwambia mkono wa kushoto ni wa kujisafishia, haupokei baraka. Kamba ikamla ngozi, kidonda kikaoza, mama akakiosha kwa maji ya chumvi. Sitakuficha, baba. Niliposoma mstari ule nilikukasirikia kama sijawahi kumkasirikia mtu. Nasema kwa heshima yote uliyonifundisha, lakini nasema.

Kisha nikakumbuka kitu kingine. Ukiwa peke yako unachanja kuni, unadhani hakuna anayekuona, shoka unalishika kwa kushoto. Nimekuona mara nyingi. Na mama aliwahi kuniambia kwamba hata babu alikuwa na kamba yake, ya kukufunga wewe. Hasira ikapungua nikabaki na huzuni tu, na huzuni hiyo sina pa kuitua.

Nilimjibu kwa jina lake. Nikaandika: "Amosi, ni mimi Roda." Kimya. Nikaandika tena siku zilizofuata. Kimya. Nikamwomba bosi aniambie mtu yule anachezea nchi gani, mji gani, hata mtaa. Akasema siri ya mchezaji haitolewi hata kwa ndugu. Nikalia mbele yake kama mtoto. Akaniletea maji, lakini msimamo wake haukuhama.

Na liko lingine. Wachezaji wameshinda. Kwa vile nilipeleka malalamiko yao kama kazi yangu inavyotaka, wakubwa wameamua tundu lizibwe. Toleo jipya likitoka, mtu ataokota ufunguo wa dhahabu unaong'aa chini ya kigoda. Kwetu nani alikuwa na ufunguo wa dhahabu? Hodi nayo walitaka kuifuta. Nikaibishania mpaka bosi akachoka, akasema: "Sawa, ibaki. Lakini hodi isiyoitikiwa watu hawaitaki tena. Tafuta sauti ya mtu wa ndani." Nikamwambia ninayo tayari. Nilimdanganya, baba. Sauti unayo wewe.

Ninachokuomba ni neno moja. Karibu. Ulitamke kwenye simu ya mama, nami nitaliweka nyuma ya mlango ule. Siwezi kukuahidi kitu. Huenda Amosi ameshaufuta mchezo. Huenda alisema lake akaridhika kwamba hakuna aliyebadilika. Lakini mtu aliyeingia tembe lile kwa macho, akapiga hodi mara tatu kwenye mlango wa baba yake na kusikiliza ule ukimya, anaweza kurudi kusikiliza tena. Akirudi, nataka akute umeitika. Ulikuwa ukituambia mkono mmoja haulei mwana. Basi nami mkono wangu peke yake hauwezi kumrudisha.

Ukikataa, sitakulazimisha, wewe ni baba yangu. Wazee waje, ng'ombe achinjwe, mlilieni. Ila ujue unamzika mtu anayejua tundu liko upande gani.

Msalimie dada Debora na shemeji pale Nkuhungu, na mtoto wao asiyenijua kwa sura. Msalimie baba mdogo wa Mtera, umwambie samaki wake nimewaota, lakini safari hii abaki nao kwanza. Msalimie jirani mwenye shamba la zabibu. Nasikia mizabibu yake ilichipua tena, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza Amosi ameelekea wapi. Salamu kwa mama mchungaji na wenzako wote wa kwaya, mama.

Baba, barua yako imeishia hapo. Yaliyobaki ni ya mama.

Mama, usimuulize chochote. Usimtazame usoni. Washa ile sehemu ya kurekodi kama Debora alivyokufundisha, iweke simu juu ya kigoda kingine upande wake wa kushoto, halafu uende zako jikoni ukachochee moto. Kaa huko mpaka maharage yaive. Usije ukachungulia.

Ukirudi, nitumie chochote utakachokikuta, usikisikilize kwanza ukaamua kwamba hakifai. Akisema neno, vizuri. Akigomba, nitumie ugomvi wake. Na kama amekohoa tu akanyamaza, nitumie hicho kikohozi. Amosi atakijua.

Ni mimi binti yenu,
Roda