Mkono wa Shimba

Mdogo wangu Wilhelmina,

Hao ndugu zetu wa Kisesa usiwasikilize. Hadithi ya mwanao Shimba wanaikosea wote. Eti nimemtuliza kwa dawa! Mimi niliyemshika kiboko mkia ziwani mpaka akaomba radhi, nihitaji dawa?

Hapa Ilemela tuko salama. Mbuzi amezaa mapacha. Jino langu la mbele limeng'oka, sasa napiga mluzi vizuri kuliko zamani.

Mambo yalikuwa hivi. Mwanao hasemi, unajua. Tangu uniachie, kila asubuhi alikuwa ananipiga kifuani kwa kiganja. Nikimsukuma anazidisha, halafu anajing'ata mikono mpaka damu. Nikawa namfunga kwenye nguzo, kwa ile khanga yako laini. Miaka minne, Mina.

Mwezi uliopita jirani yetu Mboni kaja kuomba moto, naye akapigwa kifuani. Akacheka tu. "Marahaba, mwanangu!"

Shimba akashusha mkono, akatulia.

Mboni akanigeukia. "Mzee Paulo, mtu anakupa shikamoo, wewe unamfunga?"

Mimi, bingwa wa maneno Ilemela nzima, nikaenda nguzoni nikafungua fundo.

Siku hizi akinipiga naitikia marahaba, anakaa, tunakunywa uji. Hajajing'ata tena.

Jumapili ukija utamshika mikono, utaona alama. Bora nikwambie mwenyewe: ile khanga nimeitunga. Ilikuwa kamba ya nyavu.

Kaka yako,
Paulo