Siku Nilipokataa Kuacha Gitaa

Kitaji, Musoma

Nyangeta mjukuu wangu,

Marahaba. Huku tu wazima. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kiume, sauti yake inafika mpaka kwa jirani.

Umeniuliza kama uache gitaa, kwa kuwa mchumba wako anasema halikuingizii kitu. Siku wakwe walipokuja Butiama kunichukua, baba mkwe aliliona gitaa langu kwenye mizigo. Akasema, "Mke wa mtu hapigi gitaa. Hilo libaki."

Nikamjibu, "Basi baba, na mimi nabaki."

Mama alijifunika kanga usoni kwa aibu. Wageni wakaondoka bila mimi. Siku ya nne babu yako alirudi peke yake, akalibeba gitaa mwenyewe begani, tukaenda.

Baba mkwe hakulipenda mpaka anakufa, na mimi sikuwahi kuwa hodari. Nilikuwa napigaga nyimbo zetu za kusagia mtama, nakosea, narudia, nacheka. Hakuna aliyenilipa. Hata jana nimepiga, na vidole vyenyewe vimekakamaa.

Mlete huyo mchumba wako nimpigie. Akiinuka kabla sijamaliza, mimi naendelea.

Bibi yako