Siku Waziri Alipopanda Kidoleni Mwangu

Jumapili, baada ya adhuhuri. Joto lisilo na upepo, na mimi mwenyewe ninachemka kuliko hiyo hewa.

Leo sitaki salamu ndefu. Nina hasira, na ninayemkasirikia ni mimi.

Wanaonisoma hapa wananijua. Mimi ni Bakari wa Kinondo. Na shule tulifika kidato cha pili tukaachana kwa amani, lakini miaka kumi na moja nyuma ya kaunta za baa za Diani imenifunza dunia (mamangu hadi leo anajua nilikuwa upande wa juisi). Ninamsalimia Mjerumani, Mtaliano na Mpolandi, na ninampoza mlevi wa taifa lolote bila kuita walinzi. Mtu kama huyo anashindwaje na kiumbe chenye uzito wa kijiko?

Nimeshindwa.

Wiki tatu zilizopita nilinunua Mombasa kasuku wawili wadogo, wale wa rangi ambao wauzaji huwaita baji. Mmoja buluu, nikamwita Waziri kwa ile namna yake ya kutazama watu kama ana ofisi. Mwingine kijani, Zabibu. Muuzaji aliniapia kwamba wamezoea watu. Wamezoea watu! Kila nilipotia mkono kwenye tundu waliruka huku na huku wakibamiza mbawa kwenye waya, manyoya yakaniingia kinywani, na Zabibu alinidona mpaka kidole kikatoka damu. Nikawatangazia jamaa wote, na nyinyi humu, kwamba nawapa siku saba watakuwa wanakula mkononi mwangu. Siku saba zikapita. Nikaongeza saba. Kisha nikakaa kimya kidogo, jambo ambalo halinifai kiafya.

Kila alasiri nilikaa kando ya tundu na suke la uwele mkononi, nikiwasemesha polepole kama wageni wa heshima. Hawakuja.

Jana asubuhi Waziri alikuja.

Nilitia mkono, hakuruka. Nilisogeza kidole kifuani mwake, akapanda. Akakaa pale, manyoya ameyavimbisha akawa duara kama limau, macho nusu yamefumba. Nikadhani ni raha. Nikamwita mamangu, nikamwita dadangu Mishi aliyeko chumbani na kichanga chake cha siku kumi na nane, nikapiga picha, nikaiweka hapa na maneno yale mliyoyaona: "Subira na utaalamu." Pongezi zikamiminika. Nilimjibu kila mmoja. Kuna aliyeomba mafunzo, nikamwambia karibu.

Aliyekuja ni Mama Mutheu, jirani yetu, mtu wa Machakos, anayefua nguo kwenye hoteli moja ya Diani. Zamani alimfanyia kazi bibi wa Kizungu huko Galu aliyekuwa na ndege chumba kizima. Nilimpokea kidole mbele, kama anayeonyesha pete ya uchumba.

Akamtazama Waziri. Hakucheka.

"Bakari, hebu angalia huo mkia."

Mkia ulikuwa unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi.

"Huyu hajakuzoea, bwana. Huyu ni mgonjwa. Akiwa mzima angekuwa ashakutoroka."

"Lakini ametulia, Mama Mutheu."

"Ametulia juu hana nguvu. Kwani humu ndani huwa mnachoma nini?"

Niligeuka nikautazama mlango wa chumba cha Mishi.

Nyumba zetu zikiwa na mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, huchomwa ubani. Mishi hajatimiza siku zake arobaini. Asubuhi na magharibi mamangu anatia makaa kwenye chetezo, anatupia ubani juu yake, anamfukiza mzazi, mtoto na nguo zao, na moshi unatembea nyumba nzima. Ndivyo mtoto anavyopokewa kwetu. Sote tulipita kwenye moshi huo tukatoka na afya ya punda.

Lakini tundu lilikuwa ukumbini, mlango kwa mlango na chumba cha Mishi. Aliyeliweka pale ni mimi. Na dirisha la ukumbi nililiziba kwa leso mbili na misumari, kwa kuwa nilisoma mtandaoni kwamba ndege hawa hudhuriwa na upepo. Mama Mutheu akataka nimwonyeshe nilikosoma. Nikafungua simu. Mstari unaofuata, unaofuata tu, unasema wasikae penye moshi wa aina yoyote, mapafu yao hayawezi. Nilisoma nusu ya ukurasa nikajiona profesa.

Nikampigia daktari wa mifugo. Mtu mwema, ameokoa ng'ombe wengi huko Kinango. Akaniuliza mnyama ana kilo ngapi. Nikamwambia ana uzito wa barua. Akasema dawa yake ndogo kabisa ni ya ndama. Nimpeleke penye hewa safi, nimtunzie joto, nimwombe Mungu.

Mamangu alisikia yote. Nilidhani atanicheka. Akasema, "Mwanangu, chetezo nikipeleke uani?"

Hapo ndipo nilipoona aibu hasa. Mzazi na kichanga wampishe ndege wangu wa maonyesho?

"La, mama. Hii ni nyumba ya mtoto. Watahama wao."

Jana hiyo hiyo tukawapeleka kwa Mama Mutheu, wote wawili. Baraza yake ina wavu na hewa, na yeye anapikia gesi. Zabibu alipiga kelele njia nzima. Waziri hakutoa hata mlio mmoja. Alikaa chini kabisa ya tundu, si kwenye kijiti, nami nimelibeba kwa mikono miwili kama sinia ya mayai.

Leo asubuhi nimekwenda. Yuko hai. Amekunywa maji. Mkia bado unapanda na kushuka, ila taratibu kidogo, au ni macho yangu yanataka kuona hivyo. Mama Mutheu amenisimamisha mlangoni.

"Usimguse. Na usimwongeleshe. Hiyo sauti yako inachosha hata watu wazima."

Nimekaa kwenye ngazi yake nikimtazama kwa mbali, mimi niliyeahidi watu mafunzo.

Ile picha sikuifuta. Nimebadilisha maneno tu: nimeandika kwamba ndege aliyevimba manyoya na kutulia mkononi huenda si mpole, huenda anakufa, na aliyempiga picha ni mjinga. Mtu mmoja ameniandikia kwamba wake yuko vivyo hivyo leo. Nimemwambia afungue madirisha, amtafute anayejua ndege, asinisikilize mimi.

Kushindwa kumzoesha hakuniumi tena. Kinachoniuma ni kwamba dakika ile aliyopanda kidoleni nilifurahi kuliko siku yoyote mwaka huu, na yeye alikuwa anatafuta pumzi.

Akipona, akawa ananikimbia kila nikisogea, nitaweza kufurahi kiasi kile?