Jina la Kombo Ubaoni

Jumamosi, tarehe 2 Mfunguo Saba

Saa kumi na mbili u nusu. Nishasali, nishakunywa chai ya mkandaa, isiyo maziwa, na muhogo wa jana. Gurupu la watu wa reli kwenye simu limeamka. Mzee Shekifu wa Korogwe wa mwanzo, kama kawaida. Yeye alikuwa dereva wa treni, sasa kastaafu, kakaa karibu na reli makusudi. Kasema ya mizigo imepita alfajiri, behewa moja gurudumu linalia. Bi Rehema wa Tabora treni yake imechelewa, maandazi ya kuwauzia abiria yamepoa. Kamtukana dereva ambaye hata hamjui. Mwalimu wa Morogoro kahesabu mabehewa. Kila siku yule anahesabu mabehewa. Sijui wanafunzi wake wanasoma nini.

Halafu zamu yangu. Mie nakaa Micheweni, Pemba. Huku hakuna reli, haijapata kuwako hata kipande. Lakini sharti la gurupu ni kila mtu atoe taarifa ya njia yake asubuhi. Basi nasema: Micheweni njia iwazi, hakuna treni, kuku wanavuka. Wanacheka. Kila siku maneno yale yale na kila siku wanacheka.

Wananiita Bi Pemba. Nna jina. Mize.

Mwenye gurupu ni Inspekta Mapunda wa reli. Naye mstaafu. Anazungumza kama bado kofia i kichwani.

Haya najisemea mwenyewe kwenye simu. Asha mwanangu kanionesha: bonyeza hapa mama, sauti inabaki kwako, haiendi kwa mtu. Mie skuli sijakwenda, chuoni tu, kusoma Kurani. Simu nzuri. Haikatizi maneno. Asha hukatiza.


Jumapili, tarehe 3

Leo furaha. Inspekta anachongesha ubao. Majina ya waliofanya kazi vistesheni vidogo vilivyofungwa. Utatundikwa siku watakapokutana. Kaleta picha, mafundi ndo wanaandika. Asha kanisomea. La sita: Kombo Hamad, Kwamdimu.

Mume wangu huyo. Marehemu. Alivuka bahari kutoka Wete kwenda Tanga kutafuta kazi yoyote, akaipata reli. Mie nikamfuata na sanduku na kinu. Ndiyo, kinu. Watu wa Tanga walinicheka, lakini walikuja kukiazima. Miaka kumi na moja tulikaa Kwamdimu. Stesheni ya vyumba viwili, nyasi, na nyani wasio na adabu.

Asha kalia. Kaiweka ile picha kwenye simu yake watu wote waione. Mkwe wake kapiga simu kutoa pongezi. Hata imamu kauliza.


Jumatatu, tarehe 4

Mdomo wangu huu.

Asubuhi Mwalimu kaleta sauti ya chuma kinagongwa. Kipande cha reli kimetundikwa mtini, kakikuta mahali. Zamani kila stesheni ilikuwa nacho. Treni ikitoka stesheni ya nyuma unakigonga, watu wajue inakuja. Wote wakasifu, oo, ndo hivyo hivyo, mwili unasisimka.

Si hivyo. Ile ngoma ya kuwaita watoto wa skuli. Nikabonyeza nikasema: treni unagonga moja, unavuta pumzi, halafu mbili za haraka. Wangeniachia hapo. Hakuna aliyeniuliza la zaidi. Mie mwenyewe nikaongeza: najua, nimekigonga kwa mkono wangu siku saba.

Na nikishaanza mie siachi.

Nikasema yote. Kombo alikuwa mshika njia. Wa kugeuza reli treni moja ikae pembeni nyengine ipite, wa bendera, wa kugonga chuma. Bwana stesheni kahamishwa, mpya hajafika. Kombo peke yake. Homa ikampiga, akawa anazungumza na mama yake aliyekufa. Simu ya kuzungusha mkono inalia ofisini. Nani aipokee? Nyani? Nikavaa koti lake juu ya kanga, nikaipokea. Sauti yangu nene tangu udogo, nikatia na kukohoa. Upande wa pili wakasema pole Kombo. Nikasema ahsante.

Siku saba. Treni kumi na moja. Hakuna iliyogusana na mwenziwe.

Dakika nne nimesema. Nilipoachia kidole ndo nikajua.

Kombo alipopona alinambia, Mize, hili tulizike. Wakijua nafukuzwa. Nikalizika. Kazi kaiacha mwenyewe, tukarudi kwetu, kazeeka, kafa, miaka tisa sasa. Na mie nimefunga mdomo muda wote huo. Nimekuja kuufungua mbele ya watu arubaini, kwa sababu mtu kagonga chuma vibaya.


Jumanne, tarehe 5

Mwanzo walicheka kwa mapenzi. Bi Rehema kapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Halafu Inspekta akaja. Yeye hatumi sauti, anaandika. Asha ndo msomaji wangu, kwa hivyo Asha kayasoma yote kwa kinywa chake mwenyewe. Kidogo kidogo sauti ikimpungua.

Kasema ama Bi Pemba anatunga, ama marehemu aliwakabidhi abiria kwa mtu asiyeajiriwa. Kauliza: kitabu cha treni huandikwa kila treni, saa na dakika. Wewe hujui kusoma. Uliandikaje?

Nikamjibu. Niliandika kwa herufi za chuoni, kwa mkaa, ukutani nyuma ya mlango wa jikoni. Kombo alipoweza kukaa kitako akazinakili kitabuni.

Kaandika: kwa hiyo kitabu kilijazwa baadaye. Hilo kosa la pili.

Nikasema kitabu kilikuwa sahihi kuliko vya wenziwe wote.

Kaandika: na koti la serikali kuvaliwa na asiyehusika, la tatu.

Kila nikijibu namuongezea marehemu kosa. Mie nakwenda kumsifu mume wangu, natoka nimemshitaki.

Asha kaweka simu chini. "Mama, kwa nini?" Basi. Kaenda kufua nguo zilizokuwa safi.


Alhamisi, tarehe 7

Inspekta katoa muda. Mpaka kesho baada ya sala. Nikisema nilitunga, jina la Kombo linabaki. Nikishikilia, linafutwa, kwani ubao ni wa watu waliofanya kazi kwa utaratibu. Kaandika na neno utaratibu mara tatu, Asha kahesabu.

Mzee Shekifu kanipigia pembeni. Mtu muungwana. Siku zile alikuwa akiendesha njia ile ile, nikamuuliza: hukuniona? Kanijibu: "Bi Mize, sitakudanganya. Dereva anaangalia bendera, haangalii aliyeishika. Kwamdimu bendera ilikuwa sawa siku zote."

Nilikasirika. Nilitaka aseme kaniona. Nimekaa nayo kutwa ndo naona kanipa kitu kikubwa, maana mwengine angesema uongo wa kunifurahisha.

Tena kafunga safari na bodaboda, umri ule, kwenda Kwamdimu kuutafuta ule ukuta wangu wa mkaa. Jiko limeanguka. Mawe watu wamechukua. Pameota mpapai. Kaniletea picha ya mpapai. Sasa nifanye nini na mpapai?

Magharibi ilipokaribia Asha kaja kukaa nami. Sauti ya chini, ile ya kubembelezea mgonjwa. Mama, sema umesahau. Wazee husahau. Hapana atakayekulaumu, na jina la baba litabaki.

Mwanangu huyu ana akili. Njia hiyo nyepesi kweli. Mwanamke wa umri wangu akisema amesahau nani atabisha? Watasema maskini, watanambia pole, watanicheka asubuhi kama kawaida.

Sijasahau. Nimesahau nlichokula juzi. Hili sijalisahau. Na sitajifanya pungufu wa akili ili mwanamme mwenye kofia alale vizuri.

Nimemwambia Asha hapana. Kaondoka hajanywa chai.


Ijumaa, tarehe 8

Baada ya sala. Nimevaa buibui jipya, kana kwamba wananiona. Nimekaa kitako uwani, nimefukuza kuku, nimebonyeza.

Nayasema tena hapa niyasikie.

"Inspekta, asalaam alaykum. Mie Mize binti Faki. Bi Pemba simjui. Sikutunga na sikusahau. Kombo alikuwa hajitambui, na treni mbili zinakuja njia moja, hii inatoka huku, hii kule. Ningekaa chumbani nimpepee mume wangu kwa utaratibu, hapo ndo ungepata la kuandika. Wewe unasema nilivaa koti lisilo langu. Kweli. Lilikuwa na jasho lake na lilinipwaya. Jina lake ukitaka kulifuta, futa, rangi ni yako. Waliokuwemo ndani ya zile treni wamefika kwao, wamezaa, wengine pengine wamo humu humu wananisikiliza. Hao huwafuti."

Nikaachia kidole. Safari hii sikujuta.

Bi Rehema kasema Allahu Akbar. Mwalimu wa Morogoro hata mabehewa hakuhesabu.


Jumamosi, tarehe 9

Nimetolewa.

Kabla hajanitoa kaleta picha ya ubao, ili nione. La tano lipo, la saba lipo. Katikati rangi nyeupe. Haijakauka, inameremeta.

Asha kaitazama sana ile picha. Hakulia. Kaifuta ile aliyokuwa kawawekea watu. Imamu atauliza, mkwe atauliza. Kanambia asalaam alaykum na kwa heri, hayo tu leo nzima.

Nna hasira. Inspekta nikimpata namkosha uso kwa pilipili. Nimesema. Istighfari baadaye.


Jumapili, tarehe 10

Saa kumi na mbili u nusu. Simu kimya. Nimesema peke yangu: njia iwazi, kuku wanavuka.

Kuku hawacheki.


Jumatatu, tarehe 11

Bi Rehema kapiga simu. Kapiga kweli, si sauti ya kutuma. Kwanza kamtukana Inspekta kwa Kinyamwezi, sikuelewa ila nimefaidi. Halafu tukaingia kwenye unga wa ngano, umepanda tena. Halafu ngiri ya mumewe. Ya treni tukayasahau kabisa, ndo kakumbuka alichopigia.

Ati ule ubao balaa. Kila anayeletewa picha anauliza, hapa palipopakwa rangi palikuwa na nani? Majina mengine hakuna anayeyauliza. Lile pengo tu. Na anayepaswa kujibu ni Inspekta. Basi kila siku anaeleza: kulikuwa na mshika njia kaugua, mkewe akavaa koti, siku saba. Anaeleza kwa hasira, lakini anaeleza. Bi Rehema kacheka mpaka kapaliwa.

Kaniuliza: turudi kumuomba akuingize tena kwenye gurupu? Nikamwambia simuombi mtu huyo hata maji ya kunawa. Akitaka anijie yeye, na aanze na jina langu.

Kasema basi atanipigia kila asubuhi akishakaanga maandazi. Nikamwambia asikaange vibaya kwa ajili yangu.


Jumatano, tarehe 13

Asubuhi nachambua kunde uwani. Asha kaja. Siku nne ametoa salamu na chakula, mengine hana. Kavuta kibao, kakaa upande wa pili wa ungo.

Halafu kauliza, "Siku zile saba, mama, mie nilikuwa wapi?"

Nikamwambia, mgongoni mwangu. Ulikuwa na miezi mitano. Ningekuacha na nani? Baba yako hajitambui. Nilikufunga kwa kanga na koti nikalivaa juu yako, watu wa mbali wakamuona Kombo kafanya kibiongo.

Hilo sikuwaambia wale. Inspekta angepata kosa la nne.

Kanitazama. Kauliza, hukuogopa?

Nilikuwa na jibu. Lile nililokuwa nikiwapa wote wiki iliyopita: mie? niogope nini? Lilishafika mdomoni.

Nikasema niliogopa. Ule mkono wa kugeuzia reli ulikuwa mzito, sikuwa na nguvu zake. Nilijining'iniza mzima mzima, wewe unalia, na treni nshaisikia. Haukwenda. Nikajining'iniza tena. Nikasema moyoni, mkono ukikataa mara hii basi nakaa hapa hapa juu ya reli na mtoto wangu, kwani nikiinuka nitamwambia nini mtu. Mkono ukaenda. Treni ikapita, ardhi ikatetemeka, nawe ukaacha kulia.

Nlitapika baadaye. Kila siku, zote saba.

Asha kaivuta nusu ya kunde upande wake, kaanza kutoa mbovu.

Tumechambua mpaka adhana ya adhuhuri.